Pikipiki Iliyonukia Vitumbua

Binti yake Paulino ndiye aliyenifungulia mlango, na akanionya palepale kibarazani kabla sijavua viatu. "Shangazi, baba anasikia kila kitu ila hasemi. Kiharusi kimemfunga mdomo na upande wote wa kushoto. Mkono wa kulia bado unafanya kazi. Usishtuke." Sikushtuka. Nimeshavuka sabini, nimezika wengi, na nilikuwa nimesafiri siku nzima kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara nikijiandaa kwa mabaya zaidi. Paulino alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake ya Ufukoni, chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda, dirisha wazi, redio ikisema peke yake kwa sauti ya chini. Juu ya meza, mahali ambapo watu wengine huweka picha za harusi, palikuwa na kopo la bati la biskuti ambalo nililijua kabla sijaliona vizuri. Humo ndimo alimokuwa akiweka spana zake tangu nilipomfahamu. Aliponiona, upande mmoja wa uso ukacheka. Nikavuta kigoda nikakaa. Binti akaniletea sahani ya ming'oko ya kuchemsha na chumvi pembeni, akasema anakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiigombania ile mizizi yeye akiwa mdogo, akatuacha. Nikala, nikaongea peke yangu, nikamweleza habari za wajukuu. Lakini nisidanganye, moyoni nilikuwa na jambo jingine. Kati yangu na Paulino kuna kesi. Nimemwuliza swali moja kwa karibu miaka hamsini, na kila mara amenijibu uongo uleule bila hata kupepesa macho. Nikamtazama pale kitandani nikawaza kwamba leo hana mdomo wa kusemea uongo. Na hapo mwaka ule wote ukanirudia, na harufu yake.

Ulikuwa mwaka mmoja katikati ya miaka ya sabini. Watu walikuwa wamekwisha kuhamia vijiji vya ujamaa, kila kijiji kina shamba la bega kwa bega, na sisi watu wa kilimo tulitakiwa tuwe kila mahali kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa bibi shamba mpya kabisa, miaka ishirini na tatu, mtu wa Rungwe niliyezoea baridi na migomba, nikapewa vijiji vya mdomo wa Ruvuma: Msimbati na mchanga wake, Kilambo, na mabonde ya mpunga yanayofuata mto. Kuvifikia ilikuwa kazi kuliko kazi yenyewe. Nilisubiri lori la mazao siku tatu, likija limejaa nakaa juu ya magunia, likishindwa njiani natembea. Kilambo kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokuwa wameotesha kitalu cha miche ya mikorosho kwa mikono yao, wakibeba maji vichwani asubuhi na jioni. Kikashambuliwa na wadudu. Wakaniletea habari, na mimi nilipofika wiki mbili baadaye, nikiwa na dawa mkononi, walikuwa wamekwisha kung'oa miche iliyokauka wakaitumia kuwashia moto. Hawakunilaumu. Walinipa chai ya rangi isiyo na sukari na kiti cha kukalia, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo ofisi ilipoletewa pikipiki nne za porini, mimi nilizitazama kwa uchu. Hazikuwa kama zile pikipiki za makarani. Zilikuwa ndefu kiunoni, nyembamba, matairi yana meno, madigadi ya mbele yamepanda juu kama yanaogopa tope, na bomba la moshi limepitishwa ubavuni ili uvuke nalo maji. Mabwana shamba walikuwa watatu, na mimi wa nne. Hesabu ilikuwa wazi kwangu. Kwa mkuu wetu, Bwana Kisamo, haikuwa wazi. Alikuwa mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, si mbaya, ila alikuwa ameshapanga mambo yote kichwani. "Wewe, Bibi Shamba, nimekuwekea stoo ya mbegu," akasema. "Kazi ya kivulini. Ile ya nne itakuwa ya akiba." Nikamwambia sikusomea kukaa stoo. Akasema njia za huko ni mbaya hata kwa wanaume. Nikamwambia basi ubaya wake ninaujua kwa miguu, kwa sababu mimi ndiye niliyezitembea. Wenzangu wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichonisaidia, maana Bwana Kisamo hakupenda kuonekana amebanwa. Akatoa masharti mbele ya watu wote. Ningepewa pikipiki kwa majaribio mpaka kipupwe. Mwezi wa saba angezikagua zote nne: kila moja ilale nje uwanjani pa ofisi, asubuhi iwashwe ikiwa baridi, ipite mchangani na kurudi, na ikigoma, mwenyewe ndiye aitengeneze, fundi asiiguse wala kusema neno. "Ukishindwa, inakwenda akiba, na wewe unaingia stoo bila mjadala. Tumeelewana?" Tukaelewana.

Fundi ndiye huyo Paulino. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, alivuka wakati wa vita vya uhuru vya huko kwao akiwa bado kijana, akajifunzia ufundi kwenye malori mabovu ya kambini. Vita vilipokwisha wenzake wengi walirudi, yeye akabaki, akisema huku ana malori mabovu ya kutosha. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati matatu nyuma ya ofisi yetu ya Rahaleo, hapo Mtwara mjini, na ndani yake hukuruhusiwa kuingia na maneno mengi. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua kuendesha. Nikasema najua baiskeli. Akafikiri kidogo. "Baiskeli ni nzuri," akasema. "Ntu aliyezoea gari ndiye ananipa taabu, anataka kukaa." Kwa wiki mbili hakunipa ufunguo. Alinipa mswaki mkuukuu na kikopo cha mafuta ya taa, nikasugua cheni pingili kwa pingili. Alinifundisha kugonga spoku moja moja kwa spana ndogo na kusikiliza: iliyokaza inalia ting, iliyolegea inalia kama ntu mwenye mafua, ndivyo alivyosema. Nilifungua plagi nikaifunga mpaka vidole vikapata akili ya kuifanya nikitazama pengine. Na kila jioni, hata niwe nimechoka namna gani, pikipiki ilitangulia kuhudumiwa ndipo mimi nile. Hiyo ilikuwa amri yake, na hakuirudia mara mbili.

Halafu akanipeleka kwenye mchanga. Mtu asiyeijua njia ya Msimbati anaweza kudhani natia chumvi, lakini mchanga ule ni mwingi na laini, gari linazama mpaka ekseli, na gurudumu la mbele la pikipiki linakwenda linakotaka lenyewe. Nilianguka mara tano kabla ya saa nne asubuhi. Kuanguka kwenye mchanga hakuumizi sana, ila kunadhalilisha, hasa ukiwa umevaa gauni juu ya suruali na kilemba kimejaa vumbi. Paulino alikaa kwenye gogo akila korosho. "Dada, unatazama wapi?" akaniuliza baada ya mara ya tano. Nikasema natazama gurudumu. "Ndiyo maana. Nchanga ukiutazama unakumeza. Tazama kule unakokwenda. Kaa nyuma, vuta mafuta, mikono iache ilegee, pikipiki ikicheza, iache icheze." Nikamwambia kuvuta mafuta wakati unaogopa ni kinyume cha akili. Akasema ndiyo, ni kinyume. Akaendelea na korosho zake. Nikapiga moyo konde, nikasogea nyuma ya kiti, nikaukazia macho mnazi mmoja mbali kabisa, nikavuta. Pikipiki ikayumba, ikatikisa kichwa, kisha ikainuka juu ya mchanga ikawa kama inaelea. Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila ilikuwa Kinyakyusa, na Paulino alikuja kuniigiza vibaya kwa miaka mingi. Nimepata furaha nyingi maishani, nimeolewa, nimezaa, nimestaafu salama, lakini furaha ile ya kuvuka mchanga bado naijua mahali ilipo mwilini. Iko kwenye mapaja.

Wakati huo nilikuwa nimepanga Mikindani, kwenye nyumba ya mawe ya Bi Mwanahawa, mjane mnene mwenye sauti ya kusikika nyumba tatu. Chumba changu kilikuwa na kuta nene na kidirisha kilichotazama uani, na uani ndiko kulikokuwa maisha yote: jiko, kisima, mbuzi ya kukunia nazi, na wanawake wa mtaa waliokuja kukaa mkekani kila alasiri. Walifikiri kuta zile zinazuia maneno. "Yule mpangaji wako ana nini na lile pikipiki?" nilimsikia mmoja akiuliza. "Analiosha kuliko mtoto." Bi Mwanahawa akajibu, "Mwacheni. Wengine wanaosha waume zao na bado hawatakati." Wakavunjika mbavu, na mimi chumbani nikauma mto nisisikike. Bi Mwanahawa ndiye aliyeamua pikipiki ilale jikoni. Nilikuwa nikiiegesha uani, lakini hewa ya bahari ilikula cheni, asubuhi naikuta imeota kutu. Siku moja nikamkuta ameshasogeza vyungu vyake upande mmoja wa kibanda cha jiko. "Mlaze humu mwenzio, karibu na majiko, penye joto na ukavu. Ila akinimwagia petroli mimi namtoa." Tangu siku hiyo, usiku kwa usiku, pikipiki yangu ililala hatua moja kutoka kwenye mafiga yaliyokuwa na makaa mpaka alfajiri. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyokaribia kuniponza.

Kitu kilichoua pikipiki nyingi kule si tope, ni mchanga, na mchanga hauingilii magurudumuni, unaingilia puani. Chini ya kiti kulikuwa na kisanduku chenye sponji, na injini ilivuta pumzi kupitia sponji hiyo. Paulino alitufundisha wote wanne kuiosha kwa mafuta ya taa, kuikamua, kuikausha kivulini, kisha kuilowesha oili kidogo ili vumbi linase humo lisifike kwenye injini. "Oili ya injini tu," alisema, na akatutazama mmoja mmoja. "Si mafuta mengine. Oili ya injini." Shida ni kwamba oili ya injini ilikuwa adimu kama sukari. Tulipewa chupa moja ndogo kila mmoja kwa mwezi, na safari mbili za Msimbati ziliimaliza. Wenzangu walifanya wafanyavyo watu wote, wakaacha sponji kavu wakaomba Mungu. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeiosha mara nyingi mno, nimeona uchafu inaoushika, nilijua kavu haishiki kitu. Jioni moja nimekaa uani na sponji safi mkononi na chupa tupu miguuni, nikaona chupa ya mafuta ya nazi ya Bi Mwanahawa, yale aliyokamua mwenyewe kwa ajili ya nywele zake, na ambayo alinipa na mimi nijipake. Nikayatazama. Yalikuwa safi, membamba, yanateleza. Nikamimina matone machache, nikakamua, nikapaka tena. Kesho yake nilikwenda Msimbati na kurudi, nikafungua kisanduku. Sponji ilikuwa imeshika mchanga wote, na nyuma yake, upande wa injini, palikuwa safi kabisa. Sikumwambia Paulino. Nilijiambia nitamwambia baadaye.

Tatizo dogo lilikuwa harufu. Injini ikipata moto, na mafuta kidogo yakivutwa ndani yakaungua, pikipiki ilitoa moshi unaonukia kama karai la vitumbua. Kijijini mtu alijua nimefika kabla hajanisikia. Watoto wa Kilambo walinikimbilia wakiimba "Vitumbua, vitumbua!" na mama mmoja aliniambia kwa huzuni kwamba nikipita mapema anashindwa kula ugali wa muhogo mkavu. Msimu wote wa masika nilikwenda hivyo. Nilipita matope meusi ya mabondeni nikiwa nimesimama kwenye vikanyagio, nikavuka vijito maji yakinifika magotini, mara mbili nikapakia pikipiki kwenye mtumbwi, imelala ubavu, mimi nimeikumbatia kama mgonjwa. Wale akina mama wakaotesha kitalu kingine. Wadudu walirudi vilevile, maana wadudu hawana haya. Safari hii habari ilinifikia asubuhi, na kabla jua halijasimama kichwani nilikuwa kitaluni nimepiga magoti, tunanyunyiza dawa pamoja, gauni limejaa tope mpaka mgongoni. Miche ilipona. Walinipikia kisamvu cha nazi na samaki wa mtoni, tukala wote kwenye sinia moja, na mkubwa wao akasema, "Sasa tuna mtu." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini naogopa mwezi wa saba. Sikuogopa aibu. Niliogopa kurudi kuwa mtu anayefika wiki mbili baadaye.

Kipupwe kikaja na upepo wake wa kusi, asubuhi zikawa za kujifunika kanga mbili. Siku moja kabla ya ukaguzi niliiosha pikipiki mpaka Bi Mwanahawa akanionea huruma. Nikagonga kila spoku. Nikafungua plagi, nikaisugua kwa msasa. Na sponji, kwa kuwa nilitaka Bwana Kisamo akifungua akute imeloa vizuri, nikaipa mafuta maradufu. Jioni nikaipeleka Rahaleo, nikaiegesha uwanjani chini ya mwarobaini pamoja na zile tatu, nikarudi Mikindani kwa gari la ofisi. Asubuhi nikiwa nafunga kilemba, nikamsikia Bi Mwanahawa uani akimfokea jirani aliyeazima mafuta yake. "Unatikisa nini? Yameganda hayo! Huoni baridi? Yaweke karibu na jiko yayeyuke!" Niliyasikia maneno yale yote, neno kwa neno, na hayakunigusa hata kidogo. Kichwa changu kilikuwa kimejaa plagi.

Uwanjani walikuwapo watu kuliko nilivyotarajia, makarani, wapiga chapa, hata mama wa chai na birika lake kubwa. Paulino alisimama ukutani, mikono nyuma, kama alivyoamriwa. Pikipiki ya kwanza ikawaka kwa kiki ya tatu, ikaenda mchangani ikarudi, ingawa ilikuwa inakohoa. Ya pili ikawaka. Ya tatu ikasumbua, ikawaka. Ikawa zamu yangu. Nikapiga kiki. Ikalia mara moja, ikafa. Nikapiga tena. Ikaguna. Nikavuta mafuta, ikazidi kuguna, kama mtu aliyezibwa pua na mdomo. Nikapiga kiki kumi, kumi na tano, jasho likanitoka na baridi ile. Nikafungua plagi: imelowa petroli, lakini moto inatoa. Nikaikausha nikairudisha. Ikakataa. Bwana Kisamo akatazama saa yake, akasema kwa upole, na upole ndio ulioniumiza, "Bibi Shamba, nakupa dakika kumi. Halafu tufunge." Nilimtazama Paulino bila kutaka. Hakunitazama. Alikuwa anatazama juu ya mwarobaini, na mkono wake wa kulia ulikuwa kichwani, anazipapasa nywele zake. Alikuwa na nywele nyingi siku hizo. Alizipapasa taratibu, kwa kiganja chote, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, kama mtu anayejipaka mafuta. Akarudia. Akarudia tena, kisha akakinusa kiganja.

Sauti ya Bi Mwanahawa ikanijia yote pamoja. Yameganda hayo, huoni baridi? Nikaruka. Nikafungua kiti, nikatoa kisanduku, na ndani yake sponji yangu ilikuwa imeganda, nyeupe, ngumu kama kipande cha sabuni. Miezi yote ile ililala jikoni kwenye joto, na mimi sikuwahi kuiona imeshikwa na baridi. Injini isingeweza kuvuta hata pumzi moja. Dakika zilikuwa zimebaki tano labda. Jua lilikuwa bado dhaifu nyuma ya paa. Nikavua kilemba, nikaifungia sponji ndani yake, nikamwendea mama wa chai. "Mama, niazime birika lako." Kabla hajajibu nilikuwa nimelikumbatia, sponji ikiwa kati ya tumbo langu na bati la moto, nimefumba macho kwa maumivu, na uwanja mzima ukiniangua kicheko. Mmoja wa mabwana shamba akauliza kama naumwa tumbo. Nikasikia kilemba kikilowa. Nikakamua, nikakamua tena, mafuta ya nazi yakachuruzika mpaka viwikoni, nikairudisha sponji mahali pake, nikapiga kiki. Ikaguna. Nikapiga ya pili. Ya tatu ikaitika kwa sauti moja safi, na mimi nikaondoka nayo kichwa wazi mpaka mchangani, nimekaa nyuma, macho mbali, na sikuanguka.

Niliporudi, uwanja wote ulikuwa unanukia. Bwana Kisamo alikuwa anavuta hewa kwa pua. "Nani anapika vitumbua hapa?" akauliza. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimechoka na siri ile, na tumbo linaniwaka, nikamwambia ni mimi, ni mafuta ya nazi, nayatia kwenye sponji tangu masika kwa sababu oili haitoshi, na hakuna aliyeniruhusu. "Hakuna aliyekuruhusu," akarudia. Akachuchumaa na suruali yake iliyonyooshwa, akaingiza kidole kwenye bomba la hewa, nyuma ya sponji, upande wa injini. Kikatoka kisafi. Akasimama, akaiendea pikipiki ya kwanza, ile iliyokohoa, akafanya vilevile. Kidole kikatoka na mchanga. Ya pili, mchanga. Ya tatu, mchanga zaidi. Akatoa kitambaa akafuta kidole kwa muda mrefu sana. "Hii ibaki kwako," akasema mwishowe. "Ila kipupwe uje kwangu nikupe oili." Kisha akawageukia wale watatu, na yale aliyowaambia hayakuwa ya kivulini. Nilibaki na pikipiki ile miaka sita. Miche ya akina mama wa Kilambo ni mikorosho mikubwa sasa, nimeipita juzi nikiwa kwenye gari la watu.

Siku ileile nilimfuata Paulino gerejini. Nikamwambia asante kwa kunionyesha. Akaniuliza kunionyesha nini. Nikasema kichwa, nywele, ulijua, ulikuwa unainusa nazi kila nilipopita. Akafungua kopo lake la spana akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwamo. "Fundi aliambiwa asiseme neno," akasema. "Sikusema neno. Kichwa kilikuwa kinaniwasha, dada." Nimemwuliza tena siku ya harusi yangu. Nimemwuliza alipombatizisha binti yake, nimemwuliza kwenye msiba wa Bi Mwanahawa, nimemwuliza kwa simu kila kipupwe nikiona mafuta yameganda dirishani kwangu. Kichwa kilikuwa kinaniwasha. Nilitaka siku moja tu akiri, si kwa ajili ya kushinda. Nilitaka nimshukuru vizuri, na huwezi kumshukuru mtu anayekataa kwamba amekupa kitu.

Basi pale Ufukoni nilipomaliza ming'oko nikaweka sahani chini, nikasogeza kigoda. Nikamshika ule mkono uliolala. "Paulino," nikamwambia, "mimi na wewe hatuna tena miaka ya kuchezea. Niambie kwa kichwa tu, ndiyo au hapana. Siku ile ya ukaguzi, ulinionyesha, hukunionyesha?" Akanitazama. Macho yake yalikuwa yaleyale ya mtu aliyekaa kwenye gogo anakula korosho. Kisha mkono wake mzima, ule wa kulia, ukaanza kupanda kutoka kwenye shuka, polepole, unatetemeka, ukapita kifuani, ukafika kichwani, kwenye upara usio na unywele hata mmoja. Akaupapasa kwa kiganja chote, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Akarudia. Halafu akaleta kiganja puani, akakinusa.

Nililia na kucheka kwa pamoja, kwa sauti, mpaka binti yake akaja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Shangazi, kuna nini? Baba ana nini?"

"Hana kitu," nikamwambia. "Kichwa kinamwasha."